Namna ya Kuachana na TikTok na Kurudisha Saa Zako

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kujiapiza mara kadhaa kwamba TikTok basi, akaifuta Jumapili usiku, na Jumatano akaipakua upya akiwa kwenye foleni. Kama wewe unaifungua dakika kumi, unacheka, kisha unarudisha simu mfukoni na kuendelea na shughuli zako, haya hayakuhusu. Nimeichukua TikTok kwa sababu ndiyo inayowashika wengi mitaani kwetu kwa sasa, lakini hatua zenyewe zinafaa pia kwa video fupi za Instagram, Facebook na YouTube.

Kabla ya yote, jua unashindana na nini

Wengi hujilaumu kwamba hawana msimamo. Lawama hiyo haimsaidii mtu, na kwa sehemu kubwa si haki. Ule ukurasa usio na mwisho, unaosogeza kwa kidole na daima kuna kingine chini yake, ulibuniwa mwaka 2006 na mbunifu Mmarekani, Aza Raskin, ambaye baadaye mwenyewe alikuja kusema hadharani kwamba anaujutia. Zamani gazeti lilikuwa na ukurasa wa nyuma, na taarifa ya habari ilikuwa na "huo ndio mwisho". Hapa mwisho umeondolewa makusudi.

Halafu kuna bahati nasibu. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha kwa kutumia panya na njiwa kwamba mnyama anayepata chakula kwa kubahatisha, mara kitoke mara kisitoke, hung'ang'ania kuliko yule anayekipata kila akidai. Video ya kwanza haina ladha, ya pili haina ladha, ya tatu inakuvunja mbavu. Kama zote zingekuwa nzuri ungeshiba mapema. Ni zile mbovu za katikati zinazokufanya useme "moja tu ya mwisho".

Oktoba 2024, majimbo zaidi ya kumi ya Marekani yalipoishtaki TikTok, sehemu za nyaraka za ndani za kampuni zilizotakiwa kufichwa zilionekana hadharani. Ndani yake kulikuwa na hesabu kwamba mtu akishatazama video 260 mazoea yanaanza kujengeka, na kwa jinsi video zilivyo fupi, hizo humalizika kwa muda usiofika dakika 35. La pili ndilo lililonigusa zaidi. Kampuni ilijaribu kile kikumbusho chake kinachokuambia umefikisha dakika 60. Wastani wa matumizi ukashuka kutoka dakika 108.5 kwa siku hadi 107. Kampuni ilijibu kwamba nyaraka hizo zimechambuliwa kwa upendeleo. Mimi nachukua funzo moja tu hapo: kikumbusho cha ndani ya programu usikitegemee. Mwenye duka hawezi kuwa ndiye anayekukataza kununua.

Hatua ya 1: Pima, kisha andika kwenye karatasi

Kwenye simu nyingi za Android, fungua Mipangilio, tafuta Nidhamu Dijitali. Kwenye iPhone sehemu hiyo inaitwa Screen Time. Utaona programu gani imekula muda gani, na kwenye Android, umeifungua mara ngapi. Saa mbili kwa siku ni saa 730 kwa mwaka, yaani siku 30 kamili, usiku na mchana, bila kulala. Mwezi mzima.

Lakini tarakimu hiyo inakutisha tu, haikuelekezi. Kwa siku tatu tembea na karatasi, au daftari dogo lile la hesabu za duka. Kila ukijikuta uko TikTok, andika vitu viwili: uko wapi, na sekunde moja kabla ya kuifungua ulikuwa unafanya nini. Usijizuie siku hizo, wewe tazama na uandike. Karatasi ya mtu wa kawaida wa Dar es Salaam itasomeka hivi:

*Alfajiri, kitandani, nasubiri maji ya kuoga yapate moto.*
*Saa nne, mteja amesema "niko njiani".*
*Saa saba, nimemaliza kula, nimechoka.*
*Saa tisa, nimetumiwa meseji ya deni, sijaijibu.*
*Saa kumi na mbili, daladala imesimama.*
*Saa tano usiku, ndani ya chandarua.*

Isome upya hiyo karatasi. Mara nyingi hakuna hata mstari mmoja unaosema "nilitaka kuburudika". Kuna kusubiri, kuna kuchoka, na kuna kukimbia. Huyo wa saa tisa hakuwa anatafuta video, alikuwa anaikimbia ile meseji ya deni. Kila moja kati ya hizo tatu ina dawa yake, na ndiyo maana watu wanaofuta programu bila kuandika chochote hurudi haraka. Wameziba mlango ambao hawajui nani alikuwa anaupitia.

Hatua ya 2: Tafuta cha kuweka pale, na kilingane na nafasi

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu anafuta TikTok na kujiahidi kwamba sasa atasoma vitabu, atajifunza Kiingereza, ataanza mazoezi. Kisha anajikuta amekaa kwenye benchi la zahanati akisubiri kuitwa, ana dakika nne, hana kitabu, na hawezi kupiga pushapu mbele ya wagonjwa. Mkono unakwenda mfukoni.

Muda ambao TikTok inaula hauji kama furushi moja la saa mbili. Unakuja kwa vipande: dakika tatu hapa, kumi na tano pale, na kimoja kikubwa usiku. Kwa hiyo andaa orodha tatu kabla hujafuta chochote.

Vipande vidogo, vya chini ya dakika kumi. Hapa weka vitu visivyohitaji maandalizi. Kujibu meseji uliyoiacha tangu jana. Kumpigia mama au shangazi, salamu tu, bila shida ya pesa (atashangaa). Kufuta picha zilizojaa kwenye simu. Kusoma ukurasa mmoja wa kitu ulichokwisha kupakua. Na kuna jambo ambalo watu wanalidharau: kutofanya kitu. Kaa, angalia watu wanavyopita, piga stori na aliye jirani yako kwenye foleni. Sisi tulikuwa mabingwa wa hilo. Bodaboda wa kijiweni wakiwa wanne, wote wameinamisha shingo kwenye simu na hakuna anayemtania mwenzake, hapo kuna kitu kimepotea.

Vipande vya kati, kama nusu saa hadi saa moja. Safari ya Mbagala mpaka Kariakoo ni kipande cha namna hii. Ukiwa umesimama umebanwa kwenye daladala, macho hayana kazi lakini masikio yapo: redio, mawaidha, mahubiri, masomo ya sauti uliyopakua nyumbani. Ukiwa nyumbani, nusu saa ni chakula kinachopikwa bila kuungua. Anayepika maharage huku anaperuzi anajua ninachosema.

Kipande kikubwa, ambacho kwa wengi ni usiku au Jumapili mchana. Hiki ndicho kinachostahili jambo la maana, na chagua moja tu. Kozi fupi ya jioni. Maktaba, kama uko Dar ile ya Taifa iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ambapo kuna meza, viti na utulivu usioupata nyumbani. Kwaya, mpira wa kiwanjani, bao, draft. Kama unaweza, jambo hilo liwe na watu wengine ndani yake wanaokutegemea ufike. Kitabu hakikuulizi uko wapi. Kocha wa timu ya mtaa atakupigia.

Ule mstari wa saa tisa, wa kukimbia, hauna burudani ya kuuziba. Mjibu mdai. Mwambie lini utalipa na kiasi gani, au mwambie huna kwa sasa. Ukishajibu, hamu ya kuifungua simu kwa saa hiyo hupungua yenyewe.

Hatua ya 3: Hamisha mizigo yako

Usifute kwa hasira. Siku moja kabla, pitia haya:

- Video zako ulizozirekodi na unazipenda, zihifadhi kwenye simu. Zile za rasimu, ambazo hujazichapisha, zinakaa ndani ya simu yako peke yake. Ukiondoa programu, zimekwenda.
- Kama una sarafu ulizonunua, au pesa za zawadi ulizopewa ukiwa mubashara, zimalize au zitoe kwanza.
- Kama unahariri video kwa CapCut na uliingia kwa kutumia akaunti ya TikTok (programu zote mbili ni za kampuni ya ByteDance), badili njia ya kuingia mapema, usije ukajifungia nje ya kazi zako.
- Wale wachache ambao mlikutana huko na kweli mnazungumza, wape namba. Utashangaa jinsi walivyo wachache.

Kutangaza kwamba unaondoka siyo lazima, na mimi sikushauri. Tangazo huleta maoni, na maoni huleta sababu ya kurudi kuyasoma.

Hatua ya 4: Funga akaunti kwanza, programu baadaye

Mpangilio huu una maana yake. Ukiondoa programu peke yake, akaunti yako inabaki imekaa inakusubiri na kila ilichokwisha kukujua: unacheka nini, unalia nini, unasimama wapi. Ukirudi baada ya mwezi inaendelea ulipoachia. Ukifuta akaunti, ukirudi unaanza mgeni, na video za mgeni hazinogi.

Ndani ya TikTok nenda kwenye wasifu wako, fungua mipangilio, kisha sehemu ya akaunti, chini utakuta chaguo la kusimamisha au kufuta. Chagua kufuta. Haitafutika papo hapo: inafichwa kwa siku 30, na ukiingia tena ndani ya siku hizo inafufuka kama vile hakuna kilichotokea. Kwa hiyo hizo siku 30 ndizo unazozilinda. Ziandike kwenye kalenda ya ukutani.

Kisha ondoa programu. Kama simu yako ilikuja nayo kutoka dukani na haikubali kuondolewa, bonyeza Zima. Itatoweka kwenye orodha.

Sasa weka kikwazo cha kuipakua upya. Kwenye Play Store, sehemu ya Mipangilio, kisha Familia, kuna vidhibiti vya wazazi. Viwashe, weka kiwango cha programu za watoto wadogo, na ile namba ya siri aiweke mtu mwingine: mkeo, mumeo, dada yako, hata mwanao wa kidato cha pili, ambaye atafurahi sana kuwa mlinzi wa mzazi wake. Programu zako nyingine ulizokwisha kuzipakua zitaendelea kufanya kazi. TikTok ukiitafuta pale dukani, haitakubali kushuka mpaka umwombe mwenye namba. Kule kuomba tu kunatosha kumrudisha mtu akili. Aibu nayo ni kifaa.

Hatua ya 5: Ziba milango ya jirani

Anayeachana na TikTok mara nyingi huhamia mtaa wa pili bila kujijua. Wiki ya kwanza Nidhamu Dijitali inaonyesha TikTok sifuri, na YouTube imepanda saa moja na nusu. Hujatoka, umehama nyumba.

Kwenye YouTube, zima historia ya video ulizotazama na uifute ile ya zamani. Tangu 2023, ukiizima, ukurasa wa mbele hubaki karibu mtupu, kwa sababu hauna cha kukupendekezea. Unatafuta unachokitaka, unakitazama, unatoka. Mafundi simu na wapishi wanaojifunza huko hawakosi kitu.

Instagram na Facebook hazina kitufe cha kuziondoa video fupi. Kama huwezi kuziacha kabisa, ziondoe kwenye simu na uzitumie kwa kivinjari, uandike neno la siri kila ukiingia. Usumbufu ndio dawa yenyewe.

WhatsApp ndiyo ngumu zaidi, kwani hakuna anayeweza kuitoka. Video zitaletwa na magrupu ya familia, ya kazini, ya kikoba. Zima upakuaji wa video wa moja kwa moja. Na kiungo cha TikTok kikitumwa usikibonyeze, kwani kinafunguka kwenye kivinjari na ya pili iko chini yake inangoja. Mjomba akiuliza "umeona ile?", mwambie akusimulie. Watu wanasimulia vizuri kuliko video zenyewe.

Hatua ya 6: Usiku

Simu isilale ndani ya chandarua. Kama utafuata hatua moja tu katika mwongozo huu, iwe hii.

Chaji sebuleni, au kwenye soketi ya mbali kabisa na kitanda. Kisingizio cha kwanza kitakuwa kengele ya kuamka: nunua saa ya mezani ya betri, zinauzwa kwa bei ndogo Kariakoo na kwa machinga popote. Kisingizio cha pili kitakuwa dharura. Washa Usinisumbue na uruhusu simu za watu wachache unaowachagua, mlio wake utausikia hata ikiwa sebuleni. Wanaoishi chumba kimoja, na tuko wengi, iwekeni juu ya kabati, mahali ambapo mtu lazima ainuke, awashe taa, apande stuli. Saa sita usiku hakuna anayepanda stuli kwa ajili ya video ya mtu anayecheza jikoni.

Wiki za mwanzo zinavyokuwa

Siku za kwanza mkono utakwenda wenyewe pale alama ya TikTok ilipokuwa. Ni mazoea ya misuli, hayana tafsiri nyingine. Usiweke programu nyingine pale, acha pawe wazi. Kuchoshwa kutakuja pia, kuchoshwa kwa dhati kule kulikokuwa kwa watoto wa zamani siku ya mvua. Kuvumilie. Ndani yake ndimo utakumbuka kwamba ile kabati ina bawaba iliyolegea tangu Pasaka.

Usitarajie mwezi mmoja uwe umemaliza kazi. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London, uliofuatilia watu waliokuwa wakijenga mazoea mapya, ulikuta wastani wa siku 66, lakini kati ya mtu na mtu ilikuwa kuanzia 18 hadi 254. Na waliokosa siku moja hawakuharibikiwa. Kwa hiyo ukiteleza ukatazama nusu saa kwenye simu ya shemeji, kesho endelea, usijihesabie kuwa umeanza upya.

Kuna hasara pia, niiseme. Mwaka 2018 wachumi huko Marekani waliwalipa watu dola 102 kila mmoja wafunge akaunti za Facebook kwa wiki nne. Walipata wastani wa saa moja kwa siku, wakatumia muda zaidi na familia na marafiki, wakasema wana furaha kidogo zaidi, na wengi hata baada ya jaribio kwisha waliitumia Facebook kidogo kuliko zamani. Lakini habari za nchi walizijua kidogo kuliko wenzao. Kwa hiyo chagua mapema utakapopata habari. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku bado ipo, ina mwanzo na ina mwisho.

Kama unauzia huko

Muuza vitenge, mpishi wa keki, fundi wa kucha: mteja wako yuko TikTok na mimi siwezi kukuambia ufunge duka. Ila tenganisha kuuza na kutazama. Hamishia akaunti ya biashara kwenye simu ya pili, ile ya zamani yenye kioo kilichopasuka, na iache ibaki dukani. Rekodi na hariri kwa simu yako ya kawaida, chapisha kwa ile ya dukani, jibu maswali kwa nyakati mbili za siku, asubuhi na jioni. Maelezo ya akaunti yaelekeze namba ya WhatsApp, wateja wa kweli watahamia huko wenyewe. Kama hauna simu ya pili, mpe kazi hiyo kijana wa dukani umlipe kidogo, au mgawane na mwenzako. Kutazama video za washindani "kujifunza soko" kufanye siku moja kwa wiki, na kuwe na kikomo cha saa.

Hatua ya 7: Punguza bando

Hii inasahaulika, na ndiyo yenye faida unayoiona kwa macho. Video ndizo zinazokula data kuliko kitu kingine chochote kwenye simu. Nenda Mipangilio, fungua matumizi ya data, linganisha mwezi uliopita na huu. Kisha shuka daraja: aliyekuwa anajiunga bando la wiki kubwa ajiunge dogo, wa mwezi ajaribu wa wiki. Usiendelee kununua lile la zamani "kwa tahadhari", kwa sababu GB zilizobaki zikikaribia kuisha muda wake Jumapili jioni, utatafuta cha kuzimalizia, na wewe mwenyewe unajua utakapokwenda kuzimalizia. Tofauti ya bei iweke kwenye kibubu au M-Pesa, mbali na matumizi ya kila siku. Siku 30 za akaunti zikiisha, fungua kibubu au M-Pesa hiyo uhesabu, kisha chukua tena karatasi na upime siku tatu nyingine.